Maswali ya Wasomaji: Mhusika wa Katuni Hutambulikana Hata Sauti Ikizimwa

Barua zinazohusu uandishi wa katuni za televisheni zimekuwa nyingi kiasi kwamba katika toleo hili tumeiachia mada hiyo safu yote. Baadhi ya barua tumezifupisha, na majina ya waandishi wake tumeyaweka kando. Anayezijibu ni mama ambaye kwa miaka mingi ameandika miswada ya mifululizo ya katuni za watoto.

*Ndugu Mwandishi, mimi ni mwalimu wa darasa la tatu. Nimekusanya hadithi kumi na mbili za Sungura kutoka kwa wazee wa kijiji chetu, na ningependa ziwe mfululizo wa katuni. Rafiki yangu anayefanya kazi za video ananiambia kwamba hadithi za wanyama zimepitwa na wakati, na kwamba hata kama zisingepitwa, kumi na mbili hazitoshi. Nianzie wapi?* — Mwalimu, Tabora

Mwalimu, katika hilo la kupitwa na wakati rafiki yako amekosea, na ushahidi hauko mbali. Mwaka 2010 idhaa ya watoto ya BBC ilianza kuonyesha mfululizo wa Tinga Tinga Tales, ambao wahusika wake ni wanyama wa ngano za Kiafrika. Mfululizo huo ulichorwa katika studio ya Nairobi kwa kufuata mtindo alioanzisha Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam mwaka 1968, alipokuwa akichora wanyama kwa rangi ya baiskeli juu ya vipande vya hadibodi. Sehemu zake zilifika 52, na miongoni mwa waliozitazama ni watoto ambao hawajawahi kumwona ngiri popote isipokuwa kwenye picha.

Hoja yake ya pili ina ukweli, ila sababu si hesabu. Hadithi kumi na mbili ukizirusha hewani zitakwisha, hata zingekuwa mia. Mfululizo unahitaji chanzo kisichokauka, yaani jambo moja lililomo ndani ya wahusika au ndani ya mahali wanapoishi, ambalo kila ukiligusa linatoa kisa kingine. Katika Tinga Tinga Tales chanzo hicho ni swali: kwa nini mnyama fulani yuko hivi alivyo. Mradi wanyama wana mikia, mabaka na shingo, mwandishi ana kazi. Katika Akili and Me, katuni ya wadogo inayotengenezwa na shirika la Ubongo la Dar es Salaam, chanzo ni usingizi: Akili ni mtoto wa miaka minne anayeishi na familia yake chini ya Mlima Kilimanjaro, na kila akilala huingia katika nchi ya Lala Land, ambako rafiki zake wanyama wanamsubiri. Mwandishi wa sehemu mpya haumizi kichwa kutafuta mlango wa kuingilia, kwa maana kila mtoto hulala.

Sasa tumtazame Sungura wako. Naamini katika hizo kumi na mbili imo ile ya Simba aliyejificha nyumbani kwa Sungura. Sungura ameiba asali ya Simba, na Simba ameingia ndani ya nyumba ya mwizi kumvizia. Sungura anarudi, anahisi jambo, anasimama mbali na kuita: “Nyumba yangu, hujambo?” Kimya. Anaita tena, halafu anasema kwa sauti ya mtu anayejisemea mwenyewe kwamba leo kuna mkasa, kwa sababu siku zote nyumba yake humwitikia. Simba, asiyetaka kuharibu mtego wake, anajibu kwa sauti nyembamba: “Sijambo!” Sungura anatimua mbio.

Soma kisa hicho kama mtu atakayekichora. Tuanze na Simba peke yake ndani ya kibanda kidogo, amejikunja magoti mpaka kidevuni, mkia umetokeza chini ya mlango na hajui. Mtoto anayetazama ameshauona mkia huo, na Sungura bado yuko njiani anaimba, kwa hiyo sebuleni kuna mtoto anayepiga kelele “Usiingie!” na hakuna neno hata moja lililotamkwa kwenye televisheni. Kisha masikio ya Sungura yanasimama. Kuanzia hapo mambo yanageuka: Sungura anajua, sisi tunajua kwamba anajua, na asiyejua amebaki Simba. Zima sauti kabisa, na bado mtoto atakueleza nani ni nani, nani anamtafuta nani, na nani kapatikana. Watu wa studio wanatafuta jambo hilo kabla ya kuuliza hadithi inahusu nini, na wazee wako wa Tabora wamelihifadhi miaka yote bila kalamu.

Kisha uliza kwa nini mambo haya yanampata Sungura na si Swala. Ni mdogo, na karibu kila mwenzake porini ana meno au pembe kumzidi, kwa hiyo silaha yake ni kujua udhaifu wa mkubwa. Lakini huyo huyo hawezi kuiona asali ya mtu akaiacha. Ujasiri unaomwokoa ndio uliomfikisha matatani, na kila anapojiokoa anaacha nyuma adui aliyeaibika ambaye wiki ijayo atataka kulipa. Huo ndio mfululizo, Mwalimu. Chukua karatasi moja uandike Sungura hawezi kujizuia nini, anaogopa nini, nani hamwachi apumzike, na mahali gani lazima arudi kila jioni hata kama amekosana na kila mtu hapo. Kisha pitia hadithi zako kumi na mbili ukiuliza ipi inatoka kwenye karatasi hiyo. Nyingine zitakuwa hadithi nzuri za kusimulia darasani, lakini si za mfululizo huu, ziweke.

Baada ya hapo jaribu kutunga ya kumi na tatu ambayo hakuna mzee aliyekusimulia, tena ya siku hizi. Mfanye Sungura mwanachama wa kikoba. Unalijua sanduku la kikoba, lile lenye kufuli tatu ambazo funguo zake hushikwa na watu watatu tofauti ili asiwepo anayeweza kulifungua peke yake. Funguo moja mpe Kobe, ya pili Fisi, ya tatu Tembo, na ndani ya sanduku, pamoja na fedha, weka chupa moja ya asali. Kama kalamu yako inakimbia wakati unaandika yatakayotokea, mhusika unaye. Kama inabidi umsukume Sungura aende kwenye sanduku, rudi kwenye karatasi.

Nakuomba pia uandike majina ya wazee waliokusimulia na kijiji chao, na uyapeleke pamoja na kazi yako popote itakapofika.

*Shikamoo mama. Nimeandika mfululizo kuhusu msichana wa miaka kumi na miwili anayeitwa Zuhura. Ni jasiri, ana akili, ana adabu, anasaidia kila mtu mtaani. Nilitaka watoto wa kike wapate mtu wa kumwiga. Wote waliosoma muswada wananiambia Zuhura hana mvuto, na wanampenda kaka yake mvivu kuliko yeye. Nikamwongezea woga wa buibui, wakasema bado. Nimeanza kukata tamaa.* — Mwandishi chipukizi, Mombasa

Marahaba mwanangu. Usikate tamaa, kwa sababu waliokusomea wamekuonyesha mlango. Wanampenda kaka yake kwa kuwa kaka anataka kitu, walau kulala, na kila mtu anamzuia. Zuhura wako hataki kitu chochote kwa ajili yake mwenyewe. Anasubiri wengine wapate shida.

Ule woga wa buibui haukusaidia kwa sababu haumgharimu. Buibui ataonekana katika sehemu moja, Zuhura atapiga ukelele, kisha tutamsahau. Kasoro inayomjenga mhusika wa mfululizo haibandikwi pembeni mwa sifa zake. Hutoka ndani ya sifa hizo hizo, zikizidi kipimo. Zuhura anapenda kusaidia. Vizuri. Mwache apende mno, kiasi kwamba hawezi kumwona mtu akihangaika na kazi yake mwenyewe bila kumnyang’anya na kuimaliza.

Nina zoezi ninalowapa wote wanaonijia, na nakuomba ulifanye usiku wa leo. Wapeleke wahusika wako wote kwenye foleni ya maji. Maji yamekatika siku tatu, yametoka alfajiri hii kwenye bomba moja la mtaa, madumu yamepangwa mpaka kwenye kona, na inasemekana yatafungwa saa mbili. Usiwape jambo lolote jingine. Andika kila mmoja anafanya nini kwa mwili wake, bila kumruhusu kusema.

Kaka mtu, kwa jinsi ninavyomsoma, amelaza dumu chini na kulala juu yake, na foleni ikisogea analiviringisha kwa tumbo bila kufumbua macho. Jirani yenu uliyemwita Mzee wa Duka anahesabu madumu ya wenzake na kuandika kwenye daftari. Na Zuhura? Anamwona bibi mmoja amechoka, anachukua ndoo yake bila kuuliza na kuipeleka mbele. Waliokuwa mbele wanakasirika. Bibi naye anakasirika, kwa sababu alikuwa anaongea na shoga yake na hakuhitaji msaada wa mtu. Zuhura anajaribu kuwatuliza wote kwa kupanga foleni upya, na anapomaliza kuipanga vizuri kabisa, maji yanafungwa na ndoo ya kwao ni tupu. Umeona alivyoanza kupendeza? Hukumpunguzia ujasiri wala adabu. Umempa tu gharama ya kulipa, na mtoto wa kike anayetazama atamwiga kwa moyo zaidi, maana atakuwa amemwona akikosea kwa sababu anayoifahamu.

Utagundua pia kwamba foleni hiyo imekuonyesha nani ni wa ziada. Kama wahusika wawili wamefanya jambo moja kwa namna moja, mmoja wao hahitajiki, waunganishe. Nimesoma miswada yenye marafiki watano ambao ningeweza kubadilishana majina yao katika kila mstari bila hasara yoyote.

Jambo la mwisho kwako ni la umbo. Mwambie mchoraji wako awachore wote wakiwa vivuli vitupu, weusi mtupu bila macho wala nguo. Kama huwezi kumtofautisha Zuhura na rafiki yake kwa vivuli hivyo, mtoto aliyekaa mbali na televisheni ndogo hataweza pia. Mpe umbo linalotokana na tabia: mtu anayewahi kila kitu huinamia mbele, nywele zake zimebaki nyuma, na mikono imetangulia kabla ya miguu.

*Mama, habari za kazi. Studio moja imenirudishia muswada wangu wa dakika kumi na moja ikiwa na neno moja juu yake: “Hauchoreki.” Hadithi inaanza na harusi ya kijijini, wageni mia mbili wanacheza ngoma, mvua inanyesha, kisha babu anakaa peke yake na kumkumbuka marehemu mkewe. Wote niliowasomea walilia. Shida ni nini?* — Msomaji, Dodoma

Ndugu yangu, kwanza pole, kwa sababu neno moja bila maelezo si jibu la kumpa mtu aliyehangaika. Nitajaribu kukupa maelezo waliyopaswa kukupa wao.

Televisheni za kwetu hupokea picha 25 kwa kila sekunde. Dakika kumi na moja ni sekunde 660, kwa hiyo sehemu yako ni picha 16,500. Wachoraji hupunguza mzigo kwa kuacha mchoro mmoja ukae kwa picha mbili, na hata hivyo inabaki michoro zaidi ya elfu nane kama kila kitu kinatembea muda wote. Kompyuta inasaidia sana, lakini haichezi ngoma yenyewe: wageni mia mbili ni miili mia mbili ambayo lazima mtu aipe mwendo, na mvua inagusa kila kitu, kuanzia nguo hadi kivuli cha mtu kwenye tope. Ukurasa wako wa kwanza peke yake ungeweza kumaliza bajeti ya msimu.

Tatizo hili si la umaskini wetu. William Hanna na Joseph Barbera, waliomtunga Tom na Jerry mwaka 1940, walikuwa wakitengeneza katuni za sinema zenye fedha na muda wa kutosha. Kitengo chao kilipofungwa mwaka 1957 wakahamia televisheni, ambako fedha zilikuwa chache sana, na ikabidi wabuni namna ya kuchora kidogo. Mtazame dubu wao Yogi: shingoni ana kola na tai. Vile si vya urembo tu. Mstari wa kola unamwezesha mchoraji kuuacha mwili mzima umetulia na kubadilisha kichwa peke yake wakati dubu anaongea. Wahusika wao wengi wa wakati ule wana kitu shingoni kwa sababu hiyo. Na kwa kuwa miili ilitulia, ilibidi waandishi wawape wahusika sauti na maneno yenye ladha ya kubeba mchezo wote. Mhusika alitungwa kwa pamoja na mchoraji, mwandishi na mtunza fedha.

Kwa hiyo harusi yako iandike upya kwa kusikika. Babu yuko nyuma ya ukuta wa makuti. Ngoma inasikika upande wa pili, vivuli vya mikono miwili mitatu vinapita juu ya ukuta, na pilau inapitishwa kwenye sinia. Tutaamini kwamba wageni ni mia mbili. Mvua ianze baada ya wageni kuondoka, na tuione kwenye tone moja linalodondokea ndoo.

Ila kuna kasoro nyingine, na hiyo si ya gharama. Umeandika: “Babu anamkumbuka marehemu mkewe kwa uchungu, akiwaza jinsi siku za zamani zilivyokuwa njema.” Waliokusikiliza walilia kwa sababu uliwasomea kwa sauti yako. Mchoraji hana sauti yako. Anauliza mkono wa babu uko wapi. Mjibu. Babu anamimina chai katika vikombe viwili. Anakisogeza kimoja upande wa pili wa mkeka. Anakitazama. Mvuke unapungua. Anakinyanyua, anairudisha chai ndani ya birika polepole asimwage hata tone, na kukifunika kikombe kifudifudi. Hapo umeomba mikono, birika na vikombe viwili tu, na hakuna atakayekurudishia ukurasa huo. Ndiyo sababu muswada wa katuni una maelezo mengi ya vitendo kuliko wa filamu ya kawaida: mwigizaji halisi atakiongezea kikombe kitu chake mwenyewe mbele ya kamera, lakini katika katuni kope haifumbi mpaka mtu aamue kwamba ifumbe. Yote hayo yakishapita kwenye storibodi, yaani michoro ya mpangilio wa matukio, ndipo utakapojua kama dakika zako zinatosha au zimezidi.

*Hujambo mama. Sisi ni vijana watatu tunaandika katuni ya Nairobi. Mmoja anataka Kiswahili sanifu tupu, mwingine anataka Sheng, na mimi nafikiri tuandike kwa Kiingereza kisha tutafsiri. Tusikilize nani?* — Nairobi

Sijambo mwanangu. Wewe ndiye ningekusikiliza mwisho, na sababu yangu ni ya mdomo. Katika utengenezaji mwingi wa katuni sauti hurekodiwa kwanza, kisha mchoraji hufuata midomo ya wahusika kwa sauti hiyo. Kwenye m, b na p midomo hufunga. Kwenye f na v meno hugusa mdomo wa chini. Mkichora kwa Kiingereza na kutafsiri baadaye, sentensi ya Kiswahili itakuwa ndefu kuliko nafasi yake, msanii wa sauti ataikimbiza, na mdomo utafunga mahali ambapo sauti imefunguka. Mtoto haelezi kasoro hiyo, lakini huiona. Tena mzaha wa lugha moja ukitafsiriwa kwa lugha nyingine huwa umeshapoa.

Baina ya Sheng na Kiswahili sanifu msichague kwa ajili ya mfululizo wote. Chagueni kwa kila mhusika. Sheng inabadilika haraka, na tangu muswada uandikwe hadi urushwe hewani hupita miezi mingi, pengine zaidi ya mwaka, kwa hiyo neno linalowachekesha leo linaweza kuwa la wazee siku hiyo. Mpeni kijana mmoja Sheng, tena kwa kipimo, na mwalimu wake Kiswahili cha vitabuni, na kondakta wa matatu lugha yake ya kuita abiria. Maneno ya kwenu msiyafute kwa kuogopa majirani. Mtoto wa Nairobi akisema “Nyanya amelala,” mtoto wa Dodoma atawaza nyanya ya kachumbari na kushangaa, lakini akiona bibi kajifunika shuka ataelewa, na atakuwa ameongeza neno. Picha ipo kwa ajili hiyo.

*Ndugu Mwandishi, nina wazo zuri sana la katuni lakini naogopa kulipeleka kwenye studio wasije wakaliiba. Nifanyeje?* — Mwanza

Woga wako una msingi, ila unalinda kitu kisichoweza kulindwa. Sheria ya hakimiliki hailindi wazo tupu. Inalinda namna wazo lilivyoandikwa au kuchorwa. “Katuni kuhusu wavuvi wa Ziwa Victoria” si mali ya mtu. Kurasa kumi zenye wahusika waliochorwa, majina, tabia, mahusiano yao na muswada wa sehemu ya kwanza ni mali yako. Kwa hiyo andika kabla ya kusimulia, weka tarehe, na peleka nakala kwenye Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA. Walioko Kenya waende kwenye Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye mkataba. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii nilimtunga mhusika mmoja, kasuku mwenye kigugumizi, nikamuuza kwa malipo ya mara moja kwa kampuni ambayo sitaitaja. Mkataba ulikuwa wa kurasa mbili na nilisaini nikiwa nimesimama. Haki zote zilikwenda, pamoja na haki ya kumtumia kwenye vitabu, nguo na vyombo vya shule, na pamoja na haki ya kumbadilisha. Walimwondolea kigugumizi. Nilimwona siku moja kwenye mfuko wa daftari sokoni, anatabasamu, haongei kama nilivyomlea, na nililia pale pale. Soma ukurasa unaosema nani anammiliki mhusika baada ya msimu wa kwanza, na kama hauelewi, mlipe wakili saa moja ya kazi yake kabla ya kusaini.

*Shikamoo bibi. Mimi nina miaka kumi. Nataka kujua kwa nini watoto wa kwenye katuni hawakui. Pia mimi nimetunga kiboko ambaye ni mwalimu. Je, anaweza kuvaa miwani?* — Iringa

Marahaba mjukuu wangu. Hawakui kwa sababu wewe unakua. Ukifika miaka kumi na tano utaacha katuni ile, na atakuja mtoto mwingine wa miaka kumi kukaa mahali pako, na yeye anataka rafiki wa rika lake. Marekani kuna mvulana wa katuni anayeitwa Bart Simpson ambaye amebaki na miaka kumi tangu miaka ya themanini. Inawezekana kwa sababu mwili wake ni mchoro, na sauti yake ni ya mwanamke mtu mzima, Nancy Cartwright, ambaye ameitoa tangu mwaka 1987. Mvulana halisi angebalehe na sauti yake ikavunjika, lakini mama huyo anaweza kuwa na miaka kumi kila anapoingia studio.

Kiboko wako anaweza kuvaa miwani, na nimefurahi kwamba umemfanya mwalimu. Lakini mchoraji atakuuliza inashikiliwa na nini, kwa maana masikio ya kiboko ni madogo na yako juu kabisa ya kichwa, hayafai kushika miwani. Chukua picha ya kiboko, umtazame vizuri, kisha uamue mwenyewe. Labda itafungwa kwa kamba nyuma ya kichwa. Kama ni kamba, niandikie tena unieleze nini kitatokea siku ambayo itakatika yeye akiwa ndani ya maji, na darasa zima la samaki linamsubiri asome majina.